Hakimu, Mshahara na Miaka

Mwaka uliopita nilialikwa katika shule moja ya sekondari wilayani Korogwe kuwa mwamuzi wa mdahalo. Mada iliyoandikwa ubaoni ilikuwa hii: kwamba majaji na mahakimu waliotumikia miaka mingi waongezewe malipo juu ya mishahara yao. Vijana walisema vizuri. Upande wa kuunga mkono ulisifu hekima ya wazee; upande wa kupinga ulitaja zahanati zisizo na dawa na madarasa yasiyo na madawati. Makofi yakapigwa huku na huku kama ilivyo desturi. Kisha, nilipokuwa nimekwisha kukusanya karatasi zangu, msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyekaa karibu na dirisha akanyosha mkono, akaniamkia, akauliza: "Mzee, huyo jaji aongezewe kwa ajili ya nini hasa? Kwa ajili ya kazi aliyoifanya, kwa ajili ya umri wake, au ili asiibe?"

Ukumbi mzima ulicheka, na mwalimu wa zamu akamtazama kwa jicho kali. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu. Nilitoa ushindi kwa upande uliosema kwa ufasaha zaidi, nikanywa chai ya walimu, nikapanda basi kurudi Handeni, na njia nzima swali lile lilikaa nami kitini. Insha hii ni jibu nililomnyima mtoto yule siku ile.

Nianze na kazi. Mtu aliyelelewa karibu na mashamba ya mkonge ya Mazinde, Magunga au Ngombezi amesikia habari za kipande kutoka kwa babu zake. Kipande kilikuwa kadi. Mfanyakazi alipomaliza kazi ya siku, kadi yake ilitiwa alama. Alama zilipotimia thelathini, akalipwa. Mkata mkonge alihesabiwa mafungu, na kila fungu lilikuwa na majani thelathini. Ulikuwa utaratibu mkali, na mara nyingi wa dhuluma, kwani siku ya ugonjwa haikuwa na alama. Walakini ulikuwa na jambo moja lililo wazi: kilicholipwa kilionekana. Nyapara na mkataji, wote wawili, waliweza kuyahesabu majani.

Je, kazi ya hakimu ina majani ya kuhesabiwa? Wapo wadhanio kuwa inayo. Husema: tuhesabu kesi alizozimaliza. Lakini tazama kesi moja. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu huko Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua shauri la shamba. Mwanamke wa Kihaya alikuwa ameuza shamba alilorithi kwa baba yake, na jamaa yake akapinga, kwa kuwa mila ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba, na kwamba mwanamke ana uwezo wa kuuza kama mwanamume alivyo nao. Katika daftari la takwimu, hiyo ni kesi moja. Kesi ya kuku aliyeibwa nayo ni kesi moja. Anayetaka kumlipa jaji kwa kipande hana budi kutia alama moja kwa hii na alama moja kwa ile, na jaji mwenye njaa atajifunza upesi kuzipenda kesi za kuku.

Wala sisemi haya kwa kubuni. Mzee mmoja wa baraza, aliyeketi ubavuni mwa hakimu kwa zaidi ya miaka ishirini katika mahakama moja ya mwanzo, alinieleza kwamba posho yake ililipwa shauri lilipokwisha. Shauri lililoahirishwa halikumlisha. Alikiri kwangu, kwa haya ya mtu mwema, kwamba ziko siku alijikuta akiafiki upesi neno la hakimu ili mambo yamalizike kabla ya mwezi kuisha. Hakuhongwa na mtu. Kilichomhonga ni kipande.

Sasa umri. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, na sisi tuliolelewa kwa kuamkia tunaona ni adabu mwenye mvi apewe zaidi. Lakini adabu ni shikamoo, si fungu la bajeti. Kisu kilichokaa miaka mingi chaweza kuwa kimenolewa miaka hiyo yote, na chaweza kuwa kimeliwa na kutu miaka hiyo hiyo. Jaji Mkuu Francis Nyalali alikalia kiti chake tangu mwaka 1977 hadi mwaka 2000, miaka 23. Aliiona Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikizaliwa mwaka 1979, na mwaka 1991 alikabidhiwa kuongoza Tume iliyokusanya maoni ya wananchi juu ya chama kimoja au vyama vingi. Utumishi mrefu wa namna ile ni hazina kwa nchi. Hata hivyo hazina ile ilitoka katika mtu mwenyewe. Kalenda peke yake haijapata kumfundisha mtu sheria.

Wafilipino walijaribu kuviunganisha vitu hivi viwili, miaka na sifa. Sheria yao ya kupanga upya mahakama, iliyopitishwa mwaka 1981, humpa jaji nyongeza ya asilimia tano ya mshahara wa msingi kwa kila miaka mitano ya utumishi. Lakini utumishi huo uwe haukukatika, uwe wa ufanisi, na uwe wenye kustahili sifa. Tena imetia kikomo: nyongeza isimfikishe jaji mahali pa kumpita kwa mshahara yule aliye daraja la juu yake. Ni sheria iliyofikiriwa, nami sioni aibu kujifunza kwa watu wa visiwa vya mbali. Ila kila niyasomapo maneno yale nakwama penye neno "sifa". Nani atakayeipima? Nitalirudia jambo hili, kwani ndilo lenye mwiba.

Limebaki la tatu, lile lililowachekesha wanafunzi: aongezewe ili asiibe. Ukweli ni kwamba hoja hii husemwa na watu wakubwa kuliko mtoto yule, ila wao huisema kwa maneno marefu zaidi. Tume ya Rais juu ya kero ya rushwa, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ilitoa taarifa yake mwaka 1996, na iliwagawa wala rushwa mafungu mawili. Wako wanaopokea kwa kuwa kipato chao hakiwafikishi mwisho wa mwezi, na wako wanaopokea kwa tamaa ya kujilimbikizia mali. Mgawanyo huu ni wa maana. Mshahara wa kutosha huweza kuiponya rushwa ya shida. Rushwa ya tamaa haiponi kwa dawa hiyo, maana mnunuzi wa hukumu ana uwezo wa kupandisha dau kila Hazina ipandishapo. Jirani zetu wa Kenya walipoichunguza mahakama yao mwaka 2003, chini ya Jaji Aaron Ringera, waliotajwa kwa tuhuma walikuwa majaji 23 na mahakimu 82. Baadhi yao waliondoka kazini na baadhi walisafishwa baadaye. Lakini orodha ile haikuwa ya makarani wa vijijini. Majaji wa Mahakama ya Rufani walikuwamo.

Tena lipo jambo baya zaidi. Uaminifu unaolipiwa ili usiuzwe umekwisha kuwa bidhaa. Kinachobaki ni kupatana bei. Serikali itakayomwambia jaji, "Tunakuongezea ili usile rushwa," imemtukana na kumfundisha kwa wakati mmoja.

Basi mtoto yule alikuwa ametaja milango mitatu, na yote mitatu, nilipoisukuma, haikufunguka. Nilipofika Handeni nilikuwa nauwaza mlango wa nne. Ili kuuona yatupasa kurudi nyuma, na huko nyuma kupo hapa hapa kwetu.

Masimulizi ya Usambara, ambayo Abdallah bin Hemedi aliyaandika kwa Kiswahili katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi, yanaeleza habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka katika milima ya Nguu. Milima hiyo zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Handeni, na tangu mwaka 2002 imo katika wilaya ya Kilindi. Mbegha alifukuzwa kwao, akavuka, akapanda milima ya Usambara na mbwa wake wa mawindo. Aliwagawia watu nyama, akaamua magomvi yao, hata wakampenda na kumfanya mkubwa wao huko Vugha. Mimi huipenda sana sehemu hii ya habari. Mwamuzi yule wa kwanza alikuja na nyama mkononi. Hakuwa na haja ya kula kwa mtu.

Uzao wake haukudumu katika njia ile. Kimweri ye Nyumbai alipofariki, mnamo mwaka 1862, watoto na wajukuu wake walishikana wao kwa wao. Bunduki na biashara ya watumwa vikapanda kutoka pwani, na Mazinde, mahali pa Semboja katika Korogwe ya leo, pakawa kituo cha misafara. Hapo hukumu iligeuka kuwa mtego. Mtu aliyeshindwa shauri, asiweze kulipa faini, alitwaliwa yeye, au mkewe, au watoto wake, wakauzwa pwani. Mwenye kuhukumu alikula kile alichokihukumu. Kosa dogo likakuzwa, kwa kuwa kosa kubwa lilikuwa na nyama nyingi. Wabondei walichoka, na mnamo mwaka 1868 wakainuka kwa umoja wao katika vita walivyoviita Kiva, wakawafukuza Wakilindi katika nchi yao.

Kwa hiyo fundisho la kwanza kwamba mwamuzi asile kwa waamuliwa halikuletwa kwetu na kitabu cha Ulaya. Wazee wetu walilijua kwa damu.

Katika miaka ya 1920 Waingereza walipoanza kutawala kwa mikono ya wazumbe, waliwaondolea ada za zamani wakawapa mishahara kutoka hazina za wenyeji, na sheria ya mwaka 1929 ikaweka mahakama za wenyeji. Mtu angefikiri sasa mambo yametengenea: mshahara upo, mwamuzi hali tena kwa mshtakiwa. Hayakutengenea. Zumbe yule yule alikusanya kodi, alisimamia amri za Bwana Shauri, na alihukumu waliozivunja. Baada ya vita vya pili vya dunia, wakulima wa Usambara walipoamrishwa kulima matuta mashambani mwao kuzuia mmomonyoko wa udongo, waliokataa walipelekwa barazani na kutozwa faini na mzumbe ambaye mshahara wake ulikuwa mikononi mwa wale wale waliotoa amri. Hakula nyama ya mshtakiwa, ni kweli. Lakini kamba ilikuwa shingoni, na waswahili husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Hapa ndipo tunapopata fundisho la pili, ambalo watu wengi hulisahau: mshahara wenyewe waweza kuwa kamba. Uhuru ulipopatikana, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziondoa mahakama zile na kuweka mahakama za mwanzo, na uamuzi ukatenganishwa na ukusanyaji wa kodi.

Nilipata kutunga ubeti mmoja juu ya habari hii, nikauacha bila kuendelea kwa sababu mstari wake wa mwisho ulinishinda kuujibu:

Hakimu yu mizanini, kwa haki kaajiriwa,
Akilishwa faraghani, kauli hununuliwa,
Na akiwa na madeni, ulimi hufungiliwa,
Nani amlishe, nani, pasiwe wa kuonewa?

Neno "madeni" katika ubeti ule halikuja kwa ajili ya kina tu. Mwaka 1994 nilikuwa karani kijana katika kijiji kimoja cha Handeni, nikapanga chumba nyumba moja na hakimu wa mahakama ya mwanzo. Alikuwa na miaka kumi na minane kazini. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti moja ya kijivu aliyoining'iniza dirishani kila jioni ipigwe na upepo. Mishahara ya miezi ile ilichelewa, na mvua za vuli zilikuwa hazikunyesha vizuri, kama zifanyavyo mara nyingi kwetu Handeni. Unga ukapanda bei. Kijiji kilikuwa na duka moja lililokopesha. Jina la hakimu liliandikwa katika daftari la duka lile pamoja na langu, na la mwalimu mkuu, na la bwana shamba. Hakuna aliyeona ajabu.

Kisha mwenye duka akamshtaki mkulima mmoja kwa fedha alizomtangulizia juu ya mahindi ambayo hayakuvunwa. Hakimu alifadhaika. Alinieleza usiku kwamba angependa shauri lile lisikilizwe na mwingine, lakini mahakama ya jirani ilikuwa mwendo wa siku kwa baiskeli, hakimu wake alikuwa likizo, na pande zote mbili zilitaka lishe. Akalisikiliza. Akampa haki mwenye duka. Mimi niliziona karatasi za mapatano zenye alama ya dole gumba la mkulima, na hata leo naamini hukumu ile ilikuwa sahihi. Wazee wa baraza nao walikuwa pamoja naye.

Mkulima hakupiga kelele. Alitoka nje, akasimama chini ya mwembe walipokaa watu, akauliza kwa sauti ya kawaida: "Unga wa nani ulioliwa asubuhi ya leo?"

Hakuna aliyemjibu. Tangu siku ile, hakimu yule, ambaye hakupokea hata senti moja ya mtu, hakuaminiwa tena kijijini. Watu walipitisha mashauri yao kwa masheikh, kwa wachungaji, kwa wazee wa ukoo, na wengine kwa mapanga.

Huo ndio mlango wa nne. Hakimu halipwi kwa majani aliyoyakata, wala kwa mvi zake, wala ili asiibe. Hulipwa ili asiwe na deni kwa mtu yeyote atakayeweza kusimama mbele yake. Na kwa kuwa kila mtu aweza kusimama mbele yake, maana yake ni kwamba asiwe na deni kwa mtu.

Hapa miaka inaingia kwa haki yake. Mwalimu akitaka kufungua kibanda cha vitabu, nani atamzuia? Mganga wa zahanati aweza kulima machungwa kwa ubia na jirani. Karani kama mimi aweza kukodisha chumba cha uani na kuweka mdhamana wa mkopo wa shemeji yake. Hakimu akifanya lolote katika haya, mpangaji wake, mbia wake na mdeni wake ni washtakiwa wa kesho. Kiti chake humfungia milango ambayo kwa mwingine iko wazi, na hakifungi yote siku ya kwanza: kila mwaka hufunga mlango mmoja zaidi. Kijana aliyeshuka jana kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama pale Lushoto bado ana marafiki katika wilaya aliyopangiwa. Aliyekaa humo miaka ishirini amekwisha kuamua dhidi ya karibu kila ukoo, au kwa faida ya karibu kila ukoo, na yote mawili yanamnyima rafiki. Na atakapostaafu, jaji wa Mahakama Kuu katika umri wa miaka 60 na wa Rufani katika miaka 65, atakuwa anaanza biashara wakati wenzake wanazirithisha.

Nyongeza ya miaka basi ni fidia. Taifa limemzuia mtu asipande mti wake, nalo linampa matunda machache ya mti wa wote. Samweli wa Biblia, alipozeeka akawaaga Waisraeli, aliwataka waseme ni ng'ombe wa nani aliyepata kumchukua, na wakashuhudia kwamba hakuchukua wa mtu. Masheikh nao husimulia kwamba Abubakar, alipochaguliwa kuwaongoza Waislamu, kesho yake alijitwika nguo zake kwenda kuuza sokoni, hata wenzake wakamrudisha, wakamkatia posho kutoka baitulmali. Waliona mara moja kwamba mnunuzi wa nguo za kiongozi hanunui nguo peke yake.

Niliahidi kulirudia neno "sifa". Wapo watakaosema: sawa, fidia itolewe, lakini apewe hakimu mwenye bidii, anyimwe mvivu, mkubwa wake aandike ripoti kila mwaka. Maneno haya yana sura ya haki, nami kama mtumishi wa serikali nimejaza ripoti za namna hiyo kwa miaka mingi, za wengine na zangu kujazwa na wengine. Najua mtu hujifunza nini kwazo. Hujifunza kumtazama ajazaye. Hakimu akijifunza hivyo, tumerudi kwa zumbe wa matuta.

Fadhila ya mwaka ni kwamba hakuna mkubwa awezaye kuuharakisha wala kuuchelewesha. Waziri hana uwezo wa kumpa jaji mwaka wa ishirini kabla ya wa kumi na tisa. Tajiri hawezi kuununua, chama hakiwezi kuuzuia. Cheo, safari, nyumba, gari, vyote hivi vina mtoaji, mwaka hauna. Ndiyo maana nyongeza inayohesabiwa kwa miaka, ingawa ni butu, ingawa humlipa na mvivu, ni salama kuliko ile inayohesabiwa kwa sifa. Mvivu na mwovu washughulikiwe kwa njia yao, kwa tume na kwa mashtaka ya wazi, hata waondolewe. Lakini wasipimiwe unga mwezi kwa mwezi kulingana na walivyomfurahisha mtu. Waingereza walilielewa jambo hili baada ya wafalme wao kuwafukuza majaji wasiowataka: sheria yao ya mwaka 1701 iliagiza majaji washike kazi maadamu wana mwenendo mwema, na mishahara yao iwe maalumu na iliyothibitishwa. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 142, huweka mishahara ya majaji juu ya Mfuko Mkuu wa Hazina, na hukataza masharti ya kazi ya jaji yasigeuzwe kwa hasara yake akiisha kuteuliwa.

Bado namsikia mkulima wa Sindeni au Mkata akiniuliza: na mimi nani anifidie? Jua likiunguza mahindi yangu, nani aniongezee kwa miaka niliyolima? Sina jibu jepesi la kumpa, na sipendi wale walio nalo. Nchi hii ina kumbukumbu yake. Oktoba mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipolalamikia masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na kutaja mishahara ya wakubwa, Mwalimu Nyerere alijikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na kupangisha nyumba. Huo ulikuwa wakati ambao kiongozi yeyote alifungiwa milango kama hakimu. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti yale yalilegezwa, na viongozi wakarudi sokoni. Hakimu hakurudi pamoja nao. Milango yake haikufungwa na Azimio. Ilifungwa na kiti alichokalia, na haitafunguliwa na azimio lolote. Kama zamani alikuwa mmoja wa wengi waliojinyima, leo anakaribia kuwa peke yake.

Lakini mkulima yule ana haki juu ya jambo moja, nami namuunga mkono. Sheria ya mwaka 2007 ya mishahara na mafao ya majaji, kama jina lake lisemavyo, ni ya majaji. Ngao ya ibara ya 142 nayo ni ya majaji. Mkulima wa Handeni hamfahamu jaji. Huenda akafa bila kumwona. Haki anayoifahamu yeye imevaa suti ya kijivu iliyong'inizwa dirishani. Ikiwa sababu ya nyongeza ni kwamba mwamuzi asiwe na deni kwa waamuliwa, basi aliye karibu zaidi na daftari la duka ndiye mwenye haki ya kwanza, na jaji anayekaa mjini afuate. Anayeanza kugawa kutoka juu atakuta chungu kimekwisha kabla hajafika Kwamsisi. Na kiasi chake kiwe kidogo, kijulikane, kibandikwe ukutani mwa mahakama pale yanapobandikwa majina ya mashauri ya siku, ili mkulima akisoma ajue hakimu wake anakula nini na kwa nani. Wazee wa baraza nao wasilipwe kwa shauri lililokwisha. Walipwe kwa siku waliyoketi, hata kama siku hiyo shahidi hakuja.

Ningalikuwa na muda ule ukumbini, haya ndiyo ningalimwambia msichana wa kidato cha tatu. Labda angaliuliza jingine, maana alikuwa bado amesimama.

Hakimu yule wa suti ya kijivu alihamishwa mwaka uliofuata. Fedha za uhamisho zilikuja mchana wa siku ya gulio. Kabla ya kufunga mizigo alikwenda dukani, nami nikamsindikiza, akalipa deni lote, senti kwa senti, pamoja na kibiriti kimoja ambacho mwenye duka alikuwa amekisahau. Kisha akaomba jina lake lifutwe kitabuni mbele ya watu. Mwenye duka alicheka, akaona ni mzaha, lakini yeye alibaki amesimama hadi kalamu ikaletwa. Mkulima aliyeshindwa alikuwapo, ameegemea mlango na gunia tupu begani. Aliutazama mstari ulipopigwa. Hakusema neno, akashika mpini wa sanduku upande wa pili, tukalibeba sisi watatu hadi kituo cha gari la Korogwe.